Paka Mwenye Kisukari Anapokataa Chakula

Barua iliyotufikia juma lililopita kutoka kwa dada yetu mmoja wa Mombasa haikuweza kungoja Ijumaa, na kwa hiyo tulimjibu kwa simu jioni ile ile. Tunairejea hapa kwa idhini yake, kwa kuwa tunaamini hayuko peke yake. Paka wake ni dume aliyehasiwa, mnene, mwenye umri wa miaka 11, na kwa miezi mitatu sasa anadungwa sindano ya insulini asubuhi na jioni kwa maradhi ya kisukari. Ghafla akaacha kula. Siku ya kwanza alinusa samaki akageuza uso. Siku ya pili hakuinuka hata kunusa. Mavyaa wake akashauri mnyama aachwe, kwani mnyama mgonjwa hufunga mwenyewe mpaka apone. Jirani naye akashikilia kuwa sindano isikatizwe, maana dawa ya sukari haina likizo. Dada yetu akatuuliza amfuate nani.

Pamoja na heshima yote tuliyo nayo kwa wazee na majirani, tulimwambia asimfuate yeyote kati ya hao wawili, amchukue paka kwa daktari wa mifugo kabla ya adhana ya Isha.

Tuanze na kauli ya mavyaa, kwani ndiyo isikikayo zaidi majumbani mwetu. Mtu akifunga, mwili hutumia akiba yake ya mafuta na ini hulimudu jambo hilo. Paka hakuumbwa hivyo. Yeye ni mla nyama halisi, aliyezoea milo midogo midogo mingi kwa siku. Akikosa chakula, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, nalo hujaa mafuta hadi likashindwa kazi. Hali hiyo yaweza kuanza baada ya siku 2 au 3 tu, na aliye hatarini zaidi ni yule mnene, ingawa mtu angedhani unene wake ndio akiba yake. Dalili ni umanjano kwenye weupe wa macho, kwenye fizi na ndani ya masikio. Paka aliyefika hapo huenda akahitaji kulishwa na daktari kwa mpira unaopitishwa puani au shingoni, pengine kwa majuma kadhaa, na si wote wanaonusurika. Hutujia fikirani hapa kuwa Mtume (s.a.w.), alipofundisha kwamba kuna ujira katika kumtendea wema kila kiumbe hai, alimtaja kiumbe huyo kwa ini lake lenye unyevu.

Kauli ya jirani ni ya hatari zaidi, kwa sababu madhara yake huja kwa saa, si kwa siku. Kazi ya insulini ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika viungo. Kipimo alichoandikiwa paka kilikadiriwa kwa paka anayekula. Akidungwa kipimo kile kile na tumbo tupu, sukari hushuka kupita kiasi: mnyama hulegea, huyumba kama mlevi, hutazama pasipo kuona, hutetemeka, kisha huingia katika degedege au kuzirai. Mwenye kuona dalili hizo achovye kidole katika asali au maji mazito ya sukari, aisugue kwenye fizi za paka kidogo kidogo. Asimmiminie kinywani, kwa kuwa aliyezirai hawezi kumeza na kitaingia mapafuni. Na akizinduka bado apelekwe kwa daktari, kwani insulini iliyomo mwilini haijamaliza kazi yake na sukari yaweza kushuka tena.

Je, basi sindano iachwe kabisa? Hapo nako pana shimo. Mwili wenye kisukari ukikosa insulini kwa siku kadhaa huanza kuchoma mafuta mfululizo na kuzalisha ketoni, ambazo huichafua damu. Paka hutapika, hupumua kwa kasi, hunywea, na pengine kinywa chake hutoa harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ketoni zenyewe huua hamu ya kula. Kwa maneno mengine, kule kususa chakula kwaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya hatari hiyo.

Desturi njema ni kumpa paka chakula kwanza, kumtazama akila, ndipo adungwe. Ikiwa hakula, au alionja tu, kipimo kizima kisitolewe. Daktari apigiwe simu kabla ya sindano, naye ataamua kipunguzwe au kirukwe kulingana na sukari iliyopimwa. Ikiwa daktari hapatikani na nyumbani hamna mashine ya kupimia, kuruka sindano moja kuna hatari ndogo kuliko kumdunga kipimo kizima mnyama asiyekula. Lakini ruhusa hiyo ni ya sindano moja. Paka mwenye kisukari aliyetimiza saa 24 bila kula apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na akiwa anatapika au amelegea, hata hizo saa 24 zisingojwe. Mara nyingi kuna ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya kisukari: kongosho lililovimba, figo, maambukizi ya njia ya mkojo, jino bovu, au mafua tu yaliyoziba pua. Hayo hayajulikani kwa kumtazama paka akiwa chini ya kitanda.

Wakati usafiri unatafutwa, mtu anaweza kumbembeleza. Paka hula kwa pua kabla ya kinywa. Kuku aliyechemshwa bila chumvi, au samaki aliyetolewa miiba, apashwe moto hadi uvuguvugu ili harufu ipande, kisha awekewe kidogo kwenye sahani pana mahali patulivu, mbali na watoto. Moshi wa udi na ubani usifukizwe chumbani mwake siku hizo. Asikabwe wala kupanuliwa taya, maana paka aliyelishwa kwa nguvu huja kukichukia chakula hicho hata akipona. Na supu iliyoungwa kwa kitunguu maji au kitunguu saumu isimkaribie, kwani vyote viwili huharibu damu ya paka.

Tena hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Panadoli ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja chaweza kumuua. Tunajua mikono ya huruma hukimbilia kabati la dawa mtoto wa mtu anapougua, na paka naye huhesabiwa mtoto wa nyumba, lakini mwili wake hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo.

Jambo jingine ni la chupa ya insulini yenyewe. Katika nyumba zetu nyingi yupo bibi au babu mwenye kisukari, na dawa yake imo katika jokofu hilo hilo. Ni kweli kwamba baadhi ya insulini za binadamu hutumiwa na madaktari kwa paka, ila paka huanza kwa uniti moja au karibu na hapo, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni tone. Pia insulini ya binadamu kwa kawaida ina uniti 100 kwa kila mililita, ilhali baadhi ya zile za wanyama zina uniti 40, na kila moja ina bomba lake la sindano. Atakayevuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 atakuwa amempa mnyama mara mbili na nusu ya kipimo. Kwa hiyo kila chupa iandikwe jina la mwenyewe kwa wino usiofutika, na mabomba yatengwe. Saa za kudunga si tatizo kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta: saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni hazihami mwaka mzima, na Ramadhani sindano ya jioni hupita kabla tu ya purukushani za futari.

Wapo watakaouliza iwapo fedha zote hizi ni za paka kweli, na watoto wana karo. Hatulidharau swali hilo. Gharama si ndogo, na mwenye nyumba ndiye ajuaye mfuko wake. Amweleze daktari uwezo wake waziwazi tangu mwanzo, ili wachague matibabu yanayowezekana. Tusichokikubali ni paka kuachwa afe kwa njaa pembeni kwa kisingizio kwamba ni paka tu. Katika Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim tumefunzwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, akawa hamlishi wala hamwachii ajitafutie. Paka wa mitaa ya Lamu huenda bandarini akajipatia riziki. Paka wa ghorofa ya nne, aliyehasiwa na kufungiwa mlango, riziki yake yote imo mikononi mwetu. Wahenga nao walishasema paka wa nyumba haingwa.

Limebaki suala la tohara, ambalo akina mama hutuuliza sana. Abu Qatada (r.a.) aliinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Basi mate yake hayana neno. Mkojo ni najisi, na paka wa kisukari hukojoa sana. Mikeka ya kuswalia na ikunjwe na kuinuliwa, sanduku lake la mchanga libadilishwe kila siku, na palipoingia mkojo paoshwe kwa maji hadi rangi na harufu vitoke. Asichapwe kwa hilo. Asipunguziwe maji pia, kwani anakunywa kufidia anachopoteza.

Na kwa wanaouliza kuhusu asili ya dawa: iko insulini ya wanyama inayotokana na nguruwe, na ziko nyingine zisizotokana na mnyama yeyote, hutengenezwa maabara kwa kutumia vijidudu. Daktari aulizwe kabla ya kuandika, naye akiweza ataandika ya pili. Ikiwa iliyopo mjini ni ile ya kwanza pekee, swali hilo lipelekwe kwa sheikh wa mtaa siku hiyo hiyo, pamoja na maelezo ya daktari kuhusu hali ya mnyama. Wallahu a'lam.