Somo la Skrini Huanzia Kwenye Karatasi

Miongoni mwa zana mpya za kufundishia zinazozungumzwa sana na walimu wetu ni ile tutakayoiita hapa somo la skrini, yaani rekodi ya video ya yale yanayotendeka kwenye skrini ya kompyuta au simu, ikiambatana na sauti ya mwalimu anayeyaeleza. Jina la Kiingereza la zana hii lilipatikana mwaka 2004, pale mwandishi wa Marekani Jon Udell alipowaomba wasomaji wake wampendekezee neno. Mwaka huo huo Salman Khan alianza kumfundisha hisabati binamu yake aliyeishi mbali naye, na kuanzia mwaka 2006 akawa anayaweka masomo yake hadharani: mistari ya rangi ikichorwa juu ya skrini nyeusi, na sauti yake ikifuatana nayo. Hapa Tanzania hitaji la zana za namna hii lilionekana wazi mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19.

Hata hivyo, wengi wa waliojaribu walichukua hotuba ya darasani ya dakika arobaini, wakaibandika maandishi marefu, wakayasoma kwa sauti, wakaita hayo somo. Hoja ya makala haya ni kwamba somo la skrini hutengenezwa kwenye karatasi kabla ya kompyuta kuwashwa, na kwamba anayestahili kulitengeneza kwa ajili ya wanafunzi wa mahali fulani ni mwalimu wa mahali hapo.

Mfano kutoka Kolandoto

Tumfikirie mwalimu wa fizikia anayefundisha kidato cha kwanza Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Mada yake ni densiti, yaani tungamo la kitu kwa kila kipimo cha ujazo. Kitabu kinaweza kumpa mfano wa chuma na ubao. Lakini wanafunzi wake wanaishi baina ya almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita, na aghalabu yumo darasani mtoto ambaye kaka yake au mjomba wake anafanya kazi kwenye karasha au kwenye mwalo. Kwa hiyo swali lililo hai kwao ni hili: kwa nini mchanga huondoka na maji, na dhahabu hubaki chini ya karai?

Densiti ya dhahabu ni gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na ya mawe ya kwatzi ni gramu 2.65. Ukigawanya, dhahabu ni nzito mara saba na ushei kuliko kwatzi yenye ujazo ule ule. Lakini ndani ya maji kila kitu hupunguziwa uzito wa maji kinayoyasukuma. Toa 1 kwa kila upande: hubaki 18.3 kwa 1.65, nayo ni takriban mara kumi na moja. Maji, basi, hayaoshi tu. Huzidisha tofauti iliyokuwapo. Hapo mwanafunzi amekutana na densiti na kanuni ya Archimedes kwa pamoja, tena katika kazi aijuayo. Na akiuliza kwa nini vumbi laini la dhahabu wakati mwingine huchukuliwa na maji, ataelezwa kwamba hesabu hii hulinganisha chembe za ukubwa mmoja, na kwamba chembe ndogo sana au bapa huzama polepole.

Hapa ndipo skrini inapouzidi ubao. Mwalimu anaweza kuonyesha jedwali, akabadili tarakimu moja, na wanafunzi wakaona jawabu likibadilika papo hapo. Anaweza pia kuonyesha kitu kisichofaa kuletwa darasani. Zebaki, wanayoitumia wachimbaji wadogo kunasa dhahabu, huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke wenye sumu hata katika joto la kawaida la chumba. Ni afadhali mtoto aione kwenye skrini mara mia moja kuliko kuishika mara moja.

Mstari katikati ya ukurasa

Mwalimu huyu na achukue ukurasa wa daftari, apige mstari katikati. Upande wa kushoto aandike kile jicho litakachoona. Upande wa kulia, kile sikio litakachosikia. Juu ya ukurasa aandike sentensi moja tu: mwisho wa somo hili mwanafunzi ataweza kufanya nini? Sentensi ikihitaji "na" mbili au tatu, hayo ni masomo mawili au matatu.

Kisha apime muda. Msemaji mtulivu hutamka kama maneno mia moja kwa dakika. Somo la dakika tano, basi, ni maneno mia tano hivi. Ufupi huu una ushahidi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchunguzi wa mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walitazama video za kozi nne za edX. Waliona kwamba video zisizozidi dakika sita ndizo zilizowashika watazamaji zaidi, na kwamba zile ambamo mwalimu huchora huku akieleza ziliwavuta kuliko kurasa zilizokwisha kuandikwa.

Jambo la tatu ni kulinganisha zile safu mbili. Ikiwa maneno ya kushoto ni yale yale ya kulia, yafutwe ya kushoto. Tafiti za Richard Mayer wa Marekani zimeonyesha kwamba picha inayoelezwa kwa sauti hufundisha vizuri zaidi kuliko picha hiyo hiyo ikiongezewa maandishi yanayorudia sauti, kwa maana jicho haliwezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja. Skrini ibebe mchoro, tarakimu na istilahi. Maelezo yabebwe na sauti.

Mwisho, aweke kituo. Baada ya kutaja densiti mbili, sauti iseme: "Simamisha hapa, ugawanye mwenyewe." Somo lisilo na kituo humfanya mwanafunzi atikise kichwa, lenye kituo humfanya ashike kalamu.

Kurekodi

Kurekodi kwenyewe hakuhitaji studio. Simu nyingi zenye toleo la 11 la Android, lililotoka mwaka 2020, au zilizofuata, zina uwezo wa kurekodi skrini; na kwa kompyuta ipo programu ya OBS Studio, isiyolipiwa. Kinachoharibu masomo mengi ni sauti. Chumba chenye kuta tupu na paa la bati hurudisha mwangwi, na mvua ikianza hakuna kitakachosikika. Yafaa kuchagua chumba kidogo, kutundika kanga au blanketi ukutani, na kuweka kipaza sauti kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni. Maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomeka kwenye simu ndogo, na kielekezi kisitembee ila pale kinapoonyesha kitu. Tena, somo lirekodiwe kwa vipande vya dakika moja moja na kuhifadhiwa, ili umeme ukikatika kipotee kipande, si somo zima.

Hoja za wanaotilia shaka

Wapo wanaosema kwamba video ni ya wenye intaneti. Na tufanye hesabu. Video ya skrini iliyotulia haihifadhi kila picha upya. Huhifadhi zaidi yale yaliyobadilika. Kwa hiyo kilobiti 150 kwa sekunde, pamoja na sauti, zaweza kutosha. Dakika tano ni sekunde 300, sawa na kilobiti 45,000, yaani megabaiti 5.6 hivi. Masomo arobaini ya namna hiyo hayafiki megabaiti 230: yanaingia katika kadi ndogo ya kumbukumbu, yakabebwa kwa baiskeli kutoka shule moja hadi nyingine. Na kwa kuwa katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, kompyuta moja na projekta moja zaweza kutumikia darasa zima.

Wengine wanahofu kwamba rekodi itamwondoa mwalimu. Historia yetu wenyewe inakataa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, nayo ikawafikia watu wapatao milioni mbili. Lakini redio haikuachwa peke yake. Watu walisikiliza katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu mkononi, na baada ya kusikiliza walijadiliana na kuamua la kutenda. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini rekodi haiulizwi ikajibu. Shule itakayowasha projekta na kumwacha mwalimu ofisini itakuwa imenunua sinema.

Iko pia hoja ya lugha, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto wa Kolandoto huenda alianza na Kisukuma nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakuta fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike katika sekondari. Pendekezo halikutekelezwa, na mtihani wa kidato cha nne bado huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu hawezi kuibadili sera hiyo, lakini somo la skrini linampa njia ya katikati: sauti ieleze kwa Kiswahili fasaha, na skrini ionyeshe istilahi ya Kiswahili bega kwa bega na ile ya Kiingereza itakayokuja katika mtihani. Istilahi hatukukosa, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI tangu mwaka 1990.

Kazi ya nani?

Masomo yaliyotengenezwa ng'ambo ni mengi, na baadhi ni mazuri mno; nilikosomea shahada ya uzamivu niliyatumia na kufaidika. Lakini hakuna mtaalamu wa mbali atakayejua kwamba katika darasa hili karai hufundisha densiti kuliko mchemraba wa chuma. Tukimwachia kazi hii, watoto wetu watajifunza kwamba sayansi ni jambo linalotokea kwingine.

Kwa hiyo wakuu wa shule hawana budi kuihesabu kazi hii kuwa kazi, na kuipangia vipindi katika ratiba, badala ya kuitegemea jioni ya mwalimu aliyechoka. Walimu watatu wa shule jirani, kila mmoja akitengeneza somo moja kwa wiki, watakuwa na masomo thelathini na sita baada ya wiki kumi na mbili. Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu: lisikilizeni somo mara ya kwanza, kisha mwambieni mwalimu ni dakika ipi iliyowapotea. Dakika hiyo ndiyo atakayoirudia kwenye karatasi kabla ya kurekodi tena.