Kinyaa ni cha Nani?

Neno "kinyaa" ni jepesi mno vinywani mwetu. Chakula kikichacha, twasema kinatia kinyaa. Mzoa taka akipita sokoni Machakos, yeye naye huitwa "kinyaa". Matumizi ya kwanza ni sahihi. Ya pili nayapinga, na shahidi wangu ni lugha yenyewe.

Kinyaa, sawa na kinyesi, ni neno linalotokana na kitenzi kunya. Lakini mvua nayo hunya, na hapo ndipo tulipopata kunyesha. Hapa Ukambani, ambako ukame si mgeni, nani ataionea kinyaa mvua? Basi uchafu haumo katika mzizi wa neno. Tena, kitu hutia kinyaa na mtu huona kinyaa: kwa vyovyote vile, hisia hukaa moyoni mwa anayeona.

Kumwita binadamu kinyaa, kwa hivyo, ni kumtwika hisia zetu na kumlinganisha na kinyesi, ilhali taka anazozizoa tumezitupa sisi. Nyani haoni kundule. Wanafunzi wa Kiswahili na tuwe wa kwanza kulirejesha neno hili mahali pake.