Penzi Linaishia Mlango wa Mahakama

Kesi mashuhuri kuliko zote katika fasihi yetu haina penzi ndani yake. Ni kesi ya Karama, katika Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka kuwafundisha watu sheria. Majivuno anamshtaki kwa ukali wote, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Wengi wenu mliisoma shuleni, mkajibu swali la mtihani kuhusu watawala jeuri, mkapata alama zenu. Sawa. Lakini hebu ifungueni tena leo, kwa umri mlio nao sasa. Sheria imejaa tele, ila hakuna moyo unaodunda kwa ajili ya mtu mwingine.

Si kwamba mzee hakuyajua mapenzi. Katika Utubora Mkulima ameyaandika vizuri. Ila aliyatenga: sheria chumba hiki, mapenzi chumba kile, na mlango wa katikati umekomewa. Waliomfuata wengi wameuacha mlango ulivyo. Chukua riwaya kumi za mapenzi kutoka rafu yako, hesabu ngapi zinaishia harusini na ngapi zinaishia kaburini, kisha niambie ni ngapi zinazomfikisha mwanamke kwenye benchi la nje la mahakama ya mwanzo, bahasha ya kaki mapajani, akingoja karani aite jina lake. Mimi nasema huu ni woga, na tumeupamba kwa kuuita adabu.

Nasema woga kwa sababu lugha yenyewe haikuanza hivyo. Siti binti Saad, aliyeanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba habari za mahakama bila kumung'unya maneno. Wimbo wake wa Kijiti ni kisa cha mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam aliyetoka usiku Unguja kwenda kustarehe, akauawa na mwanamume aliyetoka naye. Muuaji akavuka bahari. Walioadhibiwa ni wanawake waliotoa ushahidi, kwa kosa la pombe. Fikiria jambo hilo: watu wa Ng'ambo walikaa wakasikiliza ripoti ya kesi iliyotiwa udi na fidla, na kila mmoja wao akaelewa hakimu alikosea wapi. Usiku wa raha, mwili wa mwanamke, na haki iliyopinda, vyote ndani ya wimbo mmoja. Na Shaaban Robert huyohuyo ndiye aliyeandika wasifu wa Siti! Mfano ulikuwa mezani kwake.

Kezilahabi alisogea karibu zaidi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na Rosa anapokufa, mwandishi anampandisha mbele ya Mungu, yeye na baba yake Zakaria, wajibu walichotendeana duniani. Naupenda ujasiri wa sura hiyo, na bado inaniudhi. Kwa nini tupande juu kiasi hicho? Mwaka huohuo wa 1971 Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa, na sheria hiyo, ukiisoma kama msomaji wa riwaya badala ya kuisoma kama mwanafunzi anayekimbizana na mtihani, ni ghala la visa. Aliyeahidiwa ndoa akaachwa anaweza kufungua madai ya fidia. Mke anaweza kumdai fidia mwanamke aliyezini na mumewe, na mume vivyo hivyo. Wanandoa wanaotaka talaka wanapaswa kwanza, isipokuwa kwa sababu maalumu, kupita kwenye baraza la usuluhishi, wakae mbele ya watu wanaowajua na kusema kilichoharibika. Nani anahitaji kubuni?

Shafi Adam Shafi alimwoza Yasmin, msichana wa miaka 15, kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, halafu akamfanya atoroke. Vuta N'kuvute ni riwaya ninayoirudia, na filamu yake ya mwaka 2021 imewafikia hata wasiosoma. Katika ulimwengu wa Yasmin dawa ni miguu: unatoka, unakimbia, ndugu wanakukana. Hapakuwa na mahali pa kusema kwamba ndoa hiyo ilikuwa kosa tangu mwanzo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Dar es Salaam iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi huku mvulana akingoja 18, vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Sheria hiyo haifiki Zanzibar, najua, na Yasmin ni wa enzi ya ukoloni. Hata hivyo umri ni uleule hadi tarakimu. Ilichukua miaka mingapi swali lililokuwa ndani ya chumba cha Bwana Raza lifike mbele ya majaji? Hiyo peke yake ni riwaya ya pili, na haijakaa kwenye rafu yangu.

Tuvuke mpaka sasa, maana kesi ninayotaka hasa kuizungumzia iko Nairobi.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki S.M. Otieno, wakili wa jinai, Mjaluo. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, mpigania uhuru aliyewahi kuwekwa kizuizini na wakoloni, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, kwenye shamba lao. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anarudi kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ukabaki mochwari zaidi ya miezi mitano huku pande mbili zikivutana mahakamani. Nairobi nzima ilisoma magazeti ya kesi hiyo kama watu wanavyofuata tamthilia.

Tazama walioitwa kutoa ushahidi. Mchimba makaburi alisimama kizimbani. Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alisimama pia, akaeleza mila za Kijaluo. Ikatajwa kwamba marehemu alimpenda Shakespeare, kwamba alifurahia Perry Mason, yule wakili wa kubuniwa wa Marekani. Yaani mtu aliyejilisha hadithi za mahakama maisha yake yote alikuja kuwa hadithi ya mahakama akiwa ndani ya jokofu, na alichokisoma kikawa ushahidi wa yeye alikuwa nani. Wakili wa Wambui, John Khaminwa, alijenga hoja kwamba huyu alikuwa mtu wa mjini, aliyefunga ndoa ya serikali, aliyelea watoto mjini. Richard Kwach, wakili wa ukoo, alijenga hoja kwamba Mjaluo hawi Mjaluo nusu.

Ondoa majoho na vitabu vya sheria, utabaki na swali ambalo mtunzi yeyote wa mapenzi angelililia: je, mwanamke aliyelala na mwanamume huyo zaidi ya miaka ishirini ndiye anayemjua, au wanaomjua ni watu wa damu yake? Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilijibu. Ukoo ulishinda. Tarehe 23 alizikwa Nyalgunga, na mjane wake hakwenda.

Kesi hiyo ilizaa vitabu. David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo waliichambua katika Burying SM, mwaka 1992. Wambui mwenyewe alisimulia maisha yake katika Mau Mau's Daughter, mwaka 1998, kisha mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 67, akaolewa kwa ndoa ya serikali na kijana aliyemzidi kwa takriban miaka arobaini. Nchi ikapiga kelele upya. Mimi nilicheka kwa furaha niliposoma habari hizo: mwanamke aliyeambiwa na majaji kwamba cheti chake cha ndoa hakitoshi kumzika mumewe alirudi kulekule serikalini kuchukua cheti kingine. Mtunzi gani angethubutu kuandika mwisho wa namna hiyo? Wahariri wangemwambia hauaminiki.

Vitabu vyote viwili nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na haiishii Kenya. Katika mahakama za mwanzo za Tanzania mume na mke wanagombana kwa Kiswahili. Hakimu anaandika kwa Kiswahili. Wakikata rufaa, kwa miongo mingi ugomvi ulipanda ngazi ukibadilika lugha njiani, mpaka wenyewe wasiweze kusoma hukumu ya ndoa yao. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ni jambo jema, lakini hazina ya nyuma imeshafungiwa kwenye kabati la lugha nyingine.

Ndani ya kabati hilo yumo Bi Hawa Mohamed. Kila aliyesomea sheria Tanzania anamjua: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, Jaji Mkuu Nyalali. Swali lilikuwa kama kupika, kufua na kulea nyumba ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mahakama ikasema ndiyo, ni mchango. Wanaharakati wanalisherehekea jibu hilo mpaka leo, na wana haki. Wanachokipitia haraka ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi, naye akazitapanya. Alishinda kanuni, akakosa mgawo. Wanawake waliokuja baada yake wamelipwa kwa jina lake.

Nani ameandika asubuhi ya baada ya hukumu hiyo? Alikwenda wapi, alikaa kwa nani, alimwambia nini jirani aliyemuuliza ameshinda au ameshindwa? Mwanasheria haulizi, kwa sababu haimo kwenye hoja za rufaa. Mwandishi hajauliza, kwa sababu anadhani yanayotoka mahakamani ni makavu.

Wapo watakaonijibu kwamba mambo ya ndoa ni siri, na siri ya mtungi aijuaye kata. Naiheshimu methali, lakini naona huwa inatolewa mfukoni pale tu mwanamke anapofungua mdomo. Susan Hirsch alikaa kwenye mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi akisikiliza, na kitabu chake cha mwaka 1998 kinaonyesha kitu cha ajabu: wanawake Waswahili, wanaotakiwa kuvumilia kimya, wanapofika kwa kadhi wanasimulia, na mara nyingi wanashinda. Wanalipa lakini, kwani mwenye kusimulia ya nyumbani amekwisha kujivunjia heshima. Kinachonikera ni kwamba Mmarekani alilazimika kuja kutuandikia sisi namna shangazi zetu wanavyosimulia. Masikio tulikuwa nayo.

Wala sitaki riwaya za mawakili wanaopayuka na kupiga meza mbele ya baraza la wananchi kumi na wawili. Mfumo huo si wetu. Yaliyo yetu ni madogo zaidi na, kwa maoni yangu, matamu zaidi. Soma kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa. Kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna ambayo watu wamewahesabu kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Maana yake ni kwamba penzi linathibitishwa na majirani. Mtaa mzima unaweza kuitwa. Mwanamume anakana, anasema huyu alikuwa mpangaji mwenzangu tu. Mwanamke anamleta mwenye duka waliyokuwa wakikopa unga. Hakimu anamuuliza: deni liliandikwa kwa jina la nani kwenye daftari? Na huyu mama ulikuwa unamwitaje? Mwenye duka anamtazama yule mwanamume, mteja wake wa kila siku, kisha anamtazama mwanamke, kisha anafungua daftari.