Kabambare: mbegu ya msaada haitoshi kama mkulima haelezwi namna ua linavyozaa

Kila mara usalama unaporudi kidogo katika teritware ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, wakimbizi wa ndani wanarudi vijijini na swali moja: mbegu itatoka wapi? Aliyekimbia vita hakubeba gunia la mpunga kichwani. Alichoacha kiliporwa au kiliota ukungu. Serikali na mashirika ya misaada wakifika na mbegu, ni jambo la kushukuru. Lakini mara nyingi mbegu inagawanywa bila maelezo juu ya jambo linaloamua kama itadumu miaka mingi au msimu mmoja tu. Jambo hilo ni namna ua la kila mmea linavyozaa.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya darasani. Hapana, ni mambo ya ghala.

Tuanze na mpunga. Uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, waliopita Kabambare wakitoka upande wa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe. Tangu wakati huo mababu waliuhifadhi kizazi kwa kizazi bila duka la mbegu. Waliweza kwa sababu ua la mpunga lina ume na uke ndani ya ganda moja. Linafunguka kwa muda mfupi kabla ya adhuhuri, na mara nyingi unga wake wa kiume unakuwa umekwisha kuangukia sehemu yake lenyewe ya kike. Karibu punje zote zinafanana na mama yao. Mkulima akichagua masuke mazuri, akaondoa yale ya aina nyingine na kukausha vizuri, mwaka ujao atapata mpunga uleule. Karanga nayo inajizalia hivyo: ua linajitungisha lenyewe juu ya ardhi, kisha kikonyo chake kinashuka na kuingia udongoni ili karanga ikomae.

Muhindi hauko hivyo, na hapo ndipo wengi wanapoteza.

Ua la kiume la muhindi liko juu kabisa, mfano wa fagio. Sehemu ya kike iko katikati ya shina: ni nywele zile zinazotoka kwenye gunzi changa. Kila unywele unakwenda kwenye punje moja. Unga wa kiume usipouangukia, punje hiyo haitokei, na ndiyo maana mahindi mengine yana mapengo. Unga huo unabebwa na upepo, na sehemu kubwa ya punje za gunzi moja baba yao ni muhindi mwingine, pengine wa shamba la jirani. Basi mkulima akipewa mbegu nzuri ya mahindi, akaipanda pembeni ya mahindi ya zamani yanayochanua wakati uleule, mavuno yatakuwa mchanganyiko. Baada ya misimu michache ile mbegu nzuri haipo tena, na watu watasema udongo umechoka au waliouleta msaada waliwadanganya.

Dawa yake haihitaji pesa. Shamba la mbegu likae mbali na mahindi mengine, mita 200 au zaidi. Nafasi ikikosekana, majirani wapatane wapande aina moja, au waachanishe tarehe za kupanda kwa wiki tatu au nne ili maua yasikutane. Magunzi ya mbegu yachaguliwe katikati ya shamba, si pembeni, na yatoke kwenye mashina mengi, si mawili au matatu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kama mbegu iliyogawanywa ni ya ibridi, yaani mtoto wa aina mbili zilizochanganywa kwa makusudi, mavuno yake ya kwanza yatakuwa mazuri sana. Ikipandwa tena mwaka wa pili, nguvu inapungua na mimea inatofautiana. Anayempa mbegu hiyo mama aliyerudi kutoka ukimbizini bila kumwambia, amempa chakula cha msimu mmoja. Yeye anadhani amepata mbegu ya maisha.

Mfano wa tatu ni ngazi, mti unaolisha nyumba nyingi za Maniema kwa mawese. Mungazi mmoja unatoa vishada vya maua ya kiume na vya kike kwa nyakati tofauti, kwa hiyo baba wa ngazi kwa kawaida ni mti mwingine. Unga wa kiume unabebwa hasa na wadudu wadogo wanaofuata harufu ya maua hayo. Malaysia ilipolima mingazi kutoka Afrika bila wadudu hao, ilibidi wafanyakazi wapake unga huo kwa mikono. Mwaka 1981 waliletewa mdudu kutoka Kamerun, na kazi ile ya mikono ikaisha. Mali ambayo nchi nyingine ilivuka bahari kuitafuta, sisi tunayo bure msituni.

Tena siri kubwa ya mti huo ilifumbuliwa hapa Kongo. Mwaka 1941 watafiti wa kituo cha Yangambi, katika jimbo la Tshopo la leo, walionyesha kwamba ngazi yenye gamba jembamba na mafuta mengi ni mtoto wa ngazi ya gamba nene na ngazi isiyo na gamba. Maana yake kwa mkulima wa Kabambare ni hii: ukiokota mbegu chini ya mungazi wako mzuri wa gamba jembamba, watoto hawatafanana wote naye. Kama baba naye ni wa gamba jembamba, kwa wastani mti mmoja kati ya minne utakuwa wa gamba nene, na mwingine mmoja utakuwa wa aina isiyo na gamba, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Mtu anagundua hasara hiyo baada ya miaka kadhaa ya kupalilia. Elimu iliyotoka Yangambi imetajirisha mashamba ya Asia. Ni aibu kama haijafika kwa mkulima wa Maniema.

Kuna pia nyuki. Boga lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali; la kike linajulikana kwa kaboga kadogo chini yake. Yanafunguka alfajiri na kujifunga kabla ya jua kuwa kali. Ua la kiume likianguka bila tunda, mmea haujalogwa. Kazi yake imekwisha. Lakini anayepuliza dawa ya wadudu asubuhi, au kuchoma mizinga ovyo, anamfukuza mchumba wa boga lake mwenyewe.

Wapo wanaojibu kwamba shida ya Kabambare ni usalama na barabara, si maua. Wana haki nusu. Bila amani hakuna kilimo, na bila barabara mpunga unaozea kijijini. Lakini ni kwa sababu barabara ni mbovu na lori la mbegu halina uhakika ndiyo inafaa kijiji kijue kujitengenezea mbegu. Amani haipatikani kwa uamuzi wa mkulima. Gunzi la mbegu analichagua yeye.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yadaiwe. Kwanza, kila gunia la mbegu liwe na maelezo ya Kiswahili: ni ya kupandwa tena, au ni ya msimu mmoja? Pili, agronomu wa serikali atoke ofisini wakati maua yanapochanua, awaonyeshe wakulima shambani, hasa akina mama ambao ndio wachaguzi wa mbegu katika nyumba nyingi. Tatu, shule zifundishe somo hili kwenye bustani. Mwanafunzi anayetaja etamini na pistili kwa Kifaransa bila kosa, lakini hajui ni ua lipi la boga la mama yake litakalozaa, amefaulu mtihani na kukosa faida ya somo.

Mashirika yataondoka siku moja, kama yalivyoondoka kwingine. Wakifunga ofisi, kipimo cha kazi yao hakitakuwa idadi ya magunia waliyogawa. Kitakuwa mbegu iliyobaki juu ya dari, imekauka, inangoja mvua.