Mgonjwa Asikilizwe Kabla ya Sheria Kupitishwa

Mwaka 1963, katika waraka Pacem in Terris, Papa Yohane XXIII alitaja matibabu miongoni mwa haki za kila mwanadamu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chaitambua haki hiyo hiyo.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Mwajiriwa akatwe asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Mama mboga apataye riziki siku kwa siku azikusanye lini? Julai 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo, kwa kuwa umma haukushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu, na mpango ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024.

Hatukatai bima. Twakataa mgonjwa kuamuliwa bila kuulizwa. Harambee ya bili ya hospitali huokoa mmoja. Sheria njema huokoa wengi. Kifungu cha 119 humpa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Basi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawasaidie wagonjwa wa figo na saratani kuandika walichotozwa na walichonyimwa, na ombi lao lifike Bungeni likiwa na sahihi zetu.

Kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma; kuifikisha sauti yake zinakotungwa sheria ni tendo la haki.