Kabla ya Kumtumia Rafiki Pesa, Nenda Umwone

Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka. Kwa wengi ilikuwa tu habari ya saa moja jioni. Kwa rafiki yangu wa Mbeere, kule Embu, ilikuwa biashara yake yote. Alikuwa anachukua muguka kwa wakulima kwa mkopo, anapeleka Mombasa, kisha anawalipa wiki inayofuata. Mzigo ukakwama, wateja wakanyamaza. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hiyo, lakini madeni yake yalikuwa yameshaanza kupanda.

Mimi nilikuwa kazini Meru. Kwanza aliacha kushika simu. Halafu akatoka kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Siku moja nikapigiwa na mtu nisiyemjua, akaniambia rafiki yangu ni mwizi na nimwambie alipe mkopo.

Nilifanya kile wengi wetu hufanya. Nilimtumia Sh2,000 na ujumbe, "Pole sana bro, jikaze." Baadaye ndiyo nilijua laini yake ilikuwa na deni la ile huduma ya kukopa salio likipungua. Pesa iliingia, deni likaimeza hapo hapo. Yeye alilala njaa, mimi nililala nikijiona nimesaidia.

Ndiyo maana nasema, mtu aliyezama kwenye madeni anahitaji mtu wa kukaa naye kwanza. Pesa ifuate, na ipitie njia sahihi.

Jumamosi nilipanda matatu Makutano, nikapita Chuka na Runyenjes hadi Embu, kisha nyingine hadi kwao. Nilimkuta ndani, mapazia yamefungwa saa nane mchana. Amekonda, halali. Sikuanza na mambo ya pesa. Nilimuuliza swali lililonitisha hata mimi: "Umefikiria kujitoa uhai?" Alinyamaza, akalia, akasema ndiyo.

Watu huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo. Hapana. Unampa nafasi ya kutua mzigo. Sikumwacha usiku huo, na asubuhi tulienda hospitali pamoja. Akaonwa na daktari, akaanza ushauri nasaha.

Alipopata nguvu kidogo tulichukua daftari, tukaandika kila deni: ni la nani, kiasi gani, linalipwa lini. Kichwani mwake lilikuwa zaidi ya laki moja. Kwenye karatasi lilikuwa Sh68,400. Bado ni nyingi, lakini sasa lilikuwa na mwisho.

Haya ndiyo niliyojifunza:

Lipia kitu badala ya kutuma pesa. Lipa chakula kwa nambari ya Till ya duka, na kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Hapo pesa haipiti kwenye laini yenye deni.

Usichukue PIN yake, hata kwa nia njema. Ameshapoteza mengi, asipoteze pia uamuzi juu ya pesa zake.

Usikope ili umlipie, na yeye asikope huku ili alipe kule. Tuliwapigia wakulima mmoja mmoja tukaomba muda. Wengi walikubali kulipwa kidogo kidogo kila wiki. Kilichowaudhi zaidi ni kimya chake.

Vitisho visikutishe. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutumia matusi na vitisho, au kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Hifadhi jumbe hizo, kisha upeleke malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Kuna atakayesema, "Ni mtu mzima, alikopa mwenyewe." Ni kweli, na anayalipa mwenyewe. Lakini mimi nilisomea masoko. Najua tunavyoandika ujumbe wa kumfanya mtu akope kwa dakika moja. Kutoka kwenye deni hilo huchukua miezi, na hakuna anayemtumia ujumbe wa kumtia moyo.

Pia usiogope kutafuta msaada kwa sababu ya sheria. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Huyo ni mgonjwa, si mhalifu. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya hupigwa bure, na unaweza kuongea na mshauri.

Rafiki yangu bado analipa, na bado anaenda kliniki. Wiki jana alinipigia yeye mwenyewe, akaniuliza mimi nikoje.

Kuna mtu ametoka kwenye grupu yenu bila kusema kitu? Mpigie leo. Asiposhika, panda matatu.