Mashine inavuka mpaka, waranti inabaki Busia

Mashine za kukata nyasi zinazotumia betri zinauzwa Nairobi na Kampala, na mfanyabiashara wa Busia anayeijua kazi yake hasubiri kuelezwa mara mbili. Zitabebwa. Swali ni kama mtu wa Nagongera atakayeinunua atakuwa na mashine baada ya mwaka mmoja, au atakuwa na kipande cha plastiki chenye magurudumu kando ya banda la kuku.

Wateja wapo. Nagongera ni mji mdogo wa wilaya ya Tororo, lakini una kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema, seminari ya Mtakatifu Pius wa Kumi, kituo cha afya cha daraja la nne, parokia, shule na nyumba za walimu. Kote huko pana nyasi, na mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba hazimpi mtu likizo. Mpaka leo kazi hiyo ni ya slasha. Mtoto wa shule anaijua slasha kwa sababu imo katika orodha ya vitu vya kubeba muhula unapofunguliwa, na anaijua zaidi siku akichelewa mstarini.

Mashine ya petroli wengi wameshaijua na taabu zake: kamba inayovutwa mara kumi kabla injini haijaitika, kabureta iliyoziba kwa mafuta yaliyokaa, kelele zinazomfanya mwalimu asimamishe somo. Bei ya mafuta nayo haitulii. Upande wa Kenya EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Upande wa Uganda kila kampuni hupanga yake, na anayeishi mpakani hupiga hesabu za pande zote mbili kabla ya kujaza hata jerikeni ndogo. Betri inaondoa karibu yote hayo. Inaleta shida nyingine, na hizo ndizo wauzaji hawazisemi.

Kwanza, kazi inayoiweza. Chukua mashine ya kawaida ya nyumbani, yenye betri ya volti 36 na ampea-saa 4. Kuzidisha namba hizo mbili kunatoa wati-saa 144, na hiyo ndiyo namba ya kuangalia kuliko picha iliyo kwenye katoni. Kuijaza hakuli hata robo ya yuniti moja ya umeme. Lakini mota ya mashine hiyo ikifanya kazi ya kweli itaimaliza kwa dakika 20 hadi 30. Mashine yenye upana wa sentimita 40, ikisukumwa kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 3 kwa saa, ukitoa kugeuka na kupita palepale mara mbili, itakata kama mita za mraba 400 kwa betri moja. Huo ni ua wa nyumba, au mbele ya ofisi ya parokia. Uwanja wa mpira wenye vipimo vya kawaida, mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140. Betri hiyo itabidi ijazwe mara 18 hivi, na kwa chaja ndogo ya ampea 2 kila mara ni saa mbili na zaidi. Mkuu wa shule anayeuziwa mashine hii kwa ajili ya uwanja ameuziwa uongo, hata kama kila neno lililoandikwa kwenye katoni ni la kweli.

Na hizo mita 400 ni za nyasi fupi. Nyasi ikiachwa wiki tatu za mvua ikafika magotini, mashine ya betri itakabwa, itajizima ili isiungue, na mwenyewe atasema ameuziwa mbovu. Kanuni ya watunza nyasi ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Maana yake ni kukata kila wiki mvua zinaponyesha. Asiyeweza nidhamu hiyo abaki na slasha, au afunge mbuzi.

Anayefaa kuinunua basi ni nani? Mwenye ua wa wastani na umeme wa uhakika kiasi. Zahanati isiyotaka kelele karibu na wodi. Na zaidi ya wote, kijana anayefyeka kwa kibarua nyumba hadi nyumba. Akiwa na betri mbili anamaliza nyua mbili asubuhi, anachaji mchana, anarudi jioni. Lakini huyu ndiye pia atakayeumia zaidi mambo yakiharibika, kwa sababu hatanunua kwa akiba. Atakopa kwenye SACCO, na betri ikifa mwezi wa nne, mkopo haufi.

Ndiyo maana inafaa kusemwa wazi: anayenunua mashine hii ananunua betri. Deki ya plastiki, kisu na magurudumu ni vitu ambavyo fundi yeyote wa Tororo anaweza kuviziba, kuvinoa au kuvibadilisha. Mota isiyo na brashi za kaboni inaweza kudumu miaka mingi, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kama mota ni ya aina hiyo. Betri ndiyo mara nyingi kipande cha ghali kuliko vyote, ndiyo inayochoka, na ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Anayechagua mashine anachagua pia duka atakalorudi kununua betri ya pili. Mwenye drili ya betri ya fundi seremala angeuliza kwanza kama kampuni hiyohiyo inatengeneza mashine ya nyasi inayotumia betri ileile. Hapo ataokoa fedha nyingi kuliko kwa kupatana bei nusu saa.

Namba za volti zina ujanja wake. Mashine iliyoandikwa volti 40 na iliyoandikwa volti 36 huwa ni kitu kilekile: seli kumi zilizopangwa mstari, zikipimwa zikiwa zimejaa au zikipimwa kwa wastani. Vivyo hivyo volti 20 na volti 18. Hakuna sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya namba hiyo.

Ujanja mbaya zaidi umo ndani ya ganda, ambako mnunuzi haoni. Betri inaandikwa ampea-saa nyingi huku seli ni chache. Dawa yake ipo katika kila duka la mpakani, nayo ni mizani ya kupimia sukari. Seli ndogo ya kawaida, ile mafundi wanayoiita 18650, ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 iliyotengenezwa kwa seli za ampea-saa 2 inahitaji seli 20, yaani gramu 900 kabla ya ganda. Hata ikitengenezwa kwa seli kubwa za 21700, kumi zake ni kama gramu 700. Betri inayojiita hivyo na kupima nusu kilo pamoja na ganda lake inasema uongo, na mizani haina undugu na muuzaji. Wanawake wanaouza samaki na nafaka Busia wamepima vitu maisha yao yote. Hawawezi kushindwa na betri. Tarehe ya kutengenezwa nayo itazamwe, maana lithiamu huzeeka hata ikiwa kwenye katoni, na iliyokaa dukani miaka miwili bila chaji inaweza isiamke kabisa.

Umeme wenyewe ni habari ya Tororo peke yake. Kenya na Uganda zote zinatumia volti 240 na plagi ya pini tatu, kwa hiyo chaja iliyonunuliwa Busia ya Kenya itaingia kwenye soketi ya Nagongera bila kubembelezwa. Ya mtumba kutoka Marekani, iliyotengenezwa kwa volti 120 tu, itatoa moshi mara moja. Lakini kuna radi. Takwimu za miaka ya 1967 hadi 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na mji huo ukaingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Chaja iliyoachwa kwenye soketi wakati mbingu inanguruma, au umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, ni chaja inayosubiri kuungua. Ichomolewe. Na betri isilazwe dukani chini ya mabati jua la mchana, wala isichajiwe ikiwa bado moto kutoka kazini. Kama haitatumika msimu wote wa kiangazi, iwekwe penye ubaridi ikiwa na chaji ya nusu.

Hayo mnunuzi anaweza kuyafanya mwenyewe. Mpakani ndipo mambo yanapomshinda.

Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka Busia, na anayevuka na mahindi, maharage au samaki ana njia nyepesi: mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, pamoja na cheti rahisi cha uasili. Mashine ya nyasi iliyotengenezwa China haimo humo. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na hakuna afisa atakayekitoa kwa kitu kilichopita Mombasa ndani ya kontena. Inabidi itangazwe forodhani kama bidhaa ya nje, kwa kawaida kupitia wakala, na kodi ya ongezeko la thamani upande wa Uganda ni asilimia 18, wakati Kenya ni 16. Wengi wanaijua njia ya mkato. Pikipiki moja, katoni moja, njia ya panya, dakika kumi.

Anayepita huko anaokoa kodi na kupoteza karatasi. Bila risiti yenye namba ya mashine na ya betri, hakuna duka litakalomsikiliza. Wapo pia wanaofikiri kubeba betri kwenye sanduku wakitoka Dubai au Guangzhou. Kanuni za ndege za abiria hazibembelezeki: betri ya zaidi ya wati-saa 160 hairuhusiwi, na kati ya 100 na 160 ni mpaka shirika la ndege likubali kwanza. Ile ya wati-saa 144 itaombewa ruhusa. Ya ampea-saa 5 ya volti hizohizo, yenye wati-saa 180, itabaki uwanjani.

Lakini mtu aliyelipa kila kitu, mwenye risiti safi, naye hali yake si nzuri sana. Waranti aliyopewa Busia ya Kenya inamtaka airudishe mashine Busia ya Kenya, au Nairobi. Wakala wa kampuni hiyohiyo aliye Kampala atamwambia kwamba mashine haikuingia Uganda kupitia kwake. Kuirudisha ng'ambo maana yake ni nauli, siku ya kibarua iliyopotea, na maelezo forodhani kwamba kitu kilichoharibika kinarudi kutengenezwa, si kuuzwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Zote mbili zinampa mnunuzi haki, na kila moja inaishia getini. Soko la pamoja lilianza Julai 2010, na bado hakuna karatasi moja ya waranti ambayo fundi wa Tororo analazimika kuiheshimu kwa sababu imeandikwa Kisumu.

Wafanyabiashara watasema hilo ni la mawaziri kule Arusha, na kwa sheria ni kweli. Watasema pia kwamba faida ya mashine moja ni ndogo, na hawawezi kubeba hasara ya kiwanda. Hilo nalo lina uzito. Hata hivyo, kuna mambo wanayoweza bila kusubiri kikao chochote. Anayeleta mashine kumi alete betri za akiba angalau tatu na chaja mbili, na azihesabu ndani ya bei tangu mwanzo. Muuzaji wa Busia ya Kenya na mwenzake wa Busia ya Uganda, ambao tayari wanaaminiana kwa mikopo ya magunia, waandikiane kwamba kila mmoja atapokea betri mbovu ya mteja wa mwenzake. Betri moja inaweza kuvuka na muuzaji anayevuka kila siku. Si lazima mteja wa Nagongera aifuate mwenyewe. Na kabla mteja hajaondoka, betri ipimwe mbele yake, ichajiwe, mashine iwashwe.

Kitabu cha maelekezo nacho kingetazamwa. Huja kwa Kichina na Kiingereza, wakati mwingine Kijerumani. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na Jumuiya imekikubali pia, lakini kijana wa kibarua bado anaambiwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo kwamba asiguse kisu kabla ya kutoa betri. Hilo ni onyo la kidole chake. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliopigwa chapa Busia na kubandikwa ndani ya katoni, haugharimu hata bei ya soda.

Slasha isiuzwe bado. Pembeni mwa ua, karibu na mizizi ya mwembe na chini ya seng'enge, gurudumu halifiki.